Sisi wa pembezoni siyo majirani wa jiji

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika juzi kati kwamba mtu anayekaa nje ya barabara ya mzunguko asijiite mtu wa jiji, ajiite jirani wa jiji, manake sisi wa pembezoni tunakuja asubuhi kujaza barabara zao halafu jioni tunaondoka. Nimeisoma ile barua mara tatu. Hajatukana mtu, ameandika kwa adabu kabisa, lakini hilo neno jirani limenikaa rohoni siku zote hizi na nimeona bora nami niseme langu.

Mi nimekaa kote kuwili. Miaka tisa nilipanga chumba katikati ya mji, ghorofa ya nne, na sasa huu ni mwaka wa saba niko huku nje ambako mpaka ufike mjini kati ni masaa mawili kama foleni imekaa vibaya, na foleni inakaa vibaya karibu kila siku. Kwa hiyo haya siyo mambo ya kusimuliwa.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilienda ofisi moja ya umma kulalamikia maji, kwetu ilikuwa wiki ya tatu bomba halitoi kitu. Yule kaka wa dirishani akaniuliza unakaa wapi, nikamtajia, akaweka kalamu chini akaniambia, "Dada, huko siyo mjini. Vumilieni kwanza, mji ukifika huko mtapata." Akaita anayefuata. Nikarudi nyumbani na ndoo zangu. Mwezi haujaisha ikaja karatasi ya kodi ya jengo, na juu kabisa imeandikwa kwa herufi kubwa MKAZI WA JIJI, chini yake jina langu na namba ya kiwanja. Ninayo mpaka leo ile karatasi, iko kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja. Sasa mtu anieleze vizuri, inakuwaje kwenye kodi mji umeshafika na kwenye maji bado uko njiani?

Hapo ndo nilianza kujiuliza hili swali la jiji ni wapi na linaishia wapi, nikawa nasoma kila ninachokutana nacho, na nilichogundua ni kwamba wenzetu duniani kote wanagombana hivi hivi na hakuna hata mmoja aliyekuta mpaka wa jiji umeshuka kutoka mbinguni.

Tuanze na London manake ndo watu wengi wanautolea mfano. Ukiwauliza wenyewe, kuna sehemu inaitwa City of London, hiyo ndo ile London yenyewe ya tangu enzi za Warumi, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 2.9 tu. Sensa ya 2021 ilikuta humo watu kama 8,600. Basi. Bunge la Uingereza haliko humo, jumba la mfalme haliko humo, yote yako Westminster, wilaya ya jirani. Ile London ya watu milioni 8.8 tunayoijua sisi, yenye kilomita za mraba 1,572, mipaka yake ilichorwa na serikali mwaka 1965. Tukisema jiji ni pale katikati tu, basi London ina watu wachache kuliko shule kubwa mbili tatu ukizijumlisha. Na kuna kitu kingine hapo nataka msomaji mwenzangu akiangalie vizuri: mchana hiyo City inajaa wafanyakazi zaidi ya laki tano. Wanatoka wapi? Hawalali humo. Wanatoka huko huko nje, kwa treni, na usiku wakishaondoka wanabaki hao elfu nane na ushee na walinzi kwenye milango ya mabenki.

Sasa Paris. Leo ukimwambia mtu afikirie Paris, pengine atafikiria kale kamlima ka Montmartre na lile kanisa jeupe juu yake. Montmartre haikuwa Paris. Ilikuwa nje ya ukuta, ina halmashauri yake, na watu wa Paris walikuwa wanapanda kule kunywa mvinyo kwa sababu ulikuwa rahisi, haujalipiwa ushuru wa kuingilia mjini. Tarehe 1 Januari 1860 ndo ikaingizwa ndani pamoja na Belleville, La Villette, Grenelle na nyinginezo, mitaa ya Paris ikatoka 12 ikawa 20, na wakazi wengi wa huko hawakutaka kwa sababu walijua bei za vitu zitapanda. Tangu siku ile hadi leo hakuna anayemwambia mtu wa Montmartre kwamba yeye ni jirani wa Paris. Halafu wakasimama hapo. Wakajenga barabara kubwa ya mzunguko iliyokamilika 1973, nayo ikawa kama ukuta mpya, ndani kilomita za mraba 105 na watu kama milioni mbili, nje mamilioni zaidi ya hao. Yale maghorofa marefu ya La Défense, kitovu cha biashara chao, yako nje. Uwanja ambao Ufaransa ilibebea Kombe la Dunia 1998 uko Saint-Denis, nje. Mtoto wa Saint-Denis anaona uwanja wa taifa dirishani kwake na bado anaitwa mtu wa pembeni.

New York nayo hivyo hivyo. Brooklyn ilikuwa jiji kamili linalojitegemea mpaka tarehe 1 Januari 1898 ilipounganishwa, na kura waliyopiga watu wa Brooklyn mwaka 1894 kuamua waungane au la, upande wa kuungana ulishinda kwa kura 277. Hebu fikiria. Kama watu mia mbili tu wangebadili mawazo asubuhi ile, pengine mtu wa Brooklyn leo angekuwa jirani wa New York na huyu msomaji mwenzetu angemwandikia barua.

Na Las Vegas ndo wamenishangaza kuliko wote. Zile kasino na mahoteli yenye mataa tunayoonaga kwenye televisheni, sehemu kubwa haziko ndani ya jiji la Las Vegas, ziko mahali panaitwa Paradise, palipoanzishwa 1950 ili wenye biashara wasimezwe na jiji wakalipa kodi zake. Hata lile bango maarufu la kukaribisha watu Las Vegas lililowekwa 1959, limesimama Paradise. Yani wale walikimbia mpaka kwa sababu mpaka unadai kodi, na hakuna anayewaambia hawako Las Vegas, wakati sisi tunaolipa ndo tunaambiwa hatuko.

Kwa hiyo mstari kwenye ramani hautusaidii sana. Kuna majiji mstari wake ni mdogo mno na kuna majiji mstari wake umepitiliza. Chongqing kule China kiutawala ni kilomita za mraba kama 82,000, karibu sawa na nchi nzima ya Austria, na humo ndani mna milima na mashamba na wakulima ambao sidhani kama wanajiona wako jijini. Nchi nazo kila moja na hesabu yake, Denmark makazi ya watu 200 yanahesabika kuwa mji, Japani ili uitwe jiji wanataka watu kama 50,000. Ndo maana Machi 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ikakubali njia moja ya kupima: wanaigawa ardhi kwenye viboksi vya kilomita moja ya mraba, wanahesabu watu kwenye kila kiboksi, na viboksi vyenye watu kuanzia 1,500 vikigusana vikafika jumla ya watu 50,000, basi hilo ni jiji, liwe na jina lolote na liwe chini ya halmashauri yoyote. Mi nimeipenda hii. Haiulizi ghorofa, haiulizi taa za barabarani, inahesabu watu. Na mtaa wetu huku, nyumba zinagusana mabati, unamsikia jirani akikohoa, sina wasiwasi kabisa viboksi vyetu vinajaa.

Hata lugha yetu inasema hivyo. Kijiji, mji, jiji, ni neno moja limepunguzwa na kukuzwa. Na kwa watu wengi wa zamani mji ni nyumba pamoja na watu wake, mwenye mji ni mwenye kaya, na mtoto kabla hajazaliwa analala kwenye mji wa mimba. Hapo hamna lami wala ghorofa, ni mahali panapobeba watu. Lakini midomo yetu tumeizoesha vibaya, mtu amezaliwa ndani ya mipaka ya jiji, kasoma humo, anafanya kazi humo, akishika mkoba asubuhi anaaga "naenda mjini mara moja". Na mimi nasema. Wanangu wamelichukua kwangu, na siku hizi yule mdogo akilisema linanichoma kidogo kwa sababu nasikia kama anajitoa mwenyewe.

Ila kuhesabu watu peke yake hakutoshi, na hapa ndo naomba Mhariri unipe mistari zaidi. Mi naamini kipimo cha kweli cha jiji ni muda. Kuna mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, mwaka 1994 aliandika kwamba binadamu toka zamani wanatenga kama saa moja kwa siku ya kwenda na kurudi, na majiji yanakua kufuata hiyo saa. Zamani za kutembea kwa mguu, jiji kubwa lenye ukuta lilikuwa halizidi kama kilomita 5 kutoka upande hadi upande, manake ndo nusu saa ya kufika katikati na nusu saa ya kurudi. London walipofungua treni ya chini ya ardhi ya kwanza duniani, Januari 1863, nusu saa ile ile ikamfikisha mtu mbali zaidi, na nyumba zikafuata reli. Wale wa mwisho wa reli hawakuwa wametoroka jiji, jiji ndo lilirefusha mkono likawafikia.

Sasa angalia sisi. Masaa mawili kwenda, mawili kurudi, siku tano, hayo ni masaa ishirini kwa wiki. Kwa mwaka ukitoa likizo ni kama masaa 960, na ukigawa kwa ishirini na nne unapata siku arobaini. Siku arobaini kamili, mchana na usiku, mtu mzima umesimama umeshika bomba la basi huku kwapa la mwenzio liko usoni. Mi sijui kama msomaji mwenzetu alilifikiria hili alipoandika kwamba sisi "tulichagua hewa safi". Wachache walichagua. Wengi wetu tulihesabu mshahara tukaona kodi ya pango ya katikati haituachii ya ada, ndo tukasogea, tukasogea tena, mpaka tukafika ambapo kiwanja kinanunulika.

Na siwezi kudanganya kwamba katikati kubaya. Nilipokaa kule nilikuwa natoka nyumbani saa mbili kasoro kumi na saa mbili kamili niko kazini, kwa miguu. Mtoto akichemka homa usiku hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara, nambeba na kanga tu. Lakini dirisha langu la pekee lilikuwa linatazama ukuta wa jengo la pili, mkono ukiunyoosha unaugusa, mchana kutwa nilikuwa nawasha taa, na kwa miaka tisa sikumjua jina mpangaji wa mlango wa pili. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa viatu. Huku nje siku nilipofiwa na baba, kabla sijamaliza kulia viti vilikuwa vimeshapangwa uani na wanawake wa mtaa wameshawasha moto, sikumwita hata mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia maisha ya mjini ni haya na ya nje ni yale, namuuliza mjini kwa nani, na nje kwa nani.

Manake hata hili la katikati kuwa ndo kwenye hadhi siyo sheria. Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliokuwa na nafasi ndo walikimbia kwenda nje, mtaa mpya wa Levittown nje ya jiji la New York ulianza kujengwa 1947 nyumba zaidi ya 17,000 zinafanana, na watu weusi walizuiwa kwa maandishi kabisa kwenye mikataba, wakabakishwa katikati ya miji iliyoachwa ichakae. Paris ni kinyume, tangu Haussmann, afisa wa serikali aliyepewa kazi ya kuipanga upya Paris, alipoanza kuvunja mitaa ya zamani mwaka 1853 wafanyakazi wakasukumwa nje na katikati pakawa pa wenye nazo. Ukiangalia vizuri pande zote mbili, kilichoamua nani ni wa jiji ni nani anasukumwa na nani anafunguliwa mlango, haijalishi mlango uko upande gani wa barabara.

Kuna jambo moja nakubaliana na yule ndugu na ni haki niliseme. Jiji likitanuka ovyo linakula pesa. Bomba la maji kwenye mtaa wa maghorofa mita mia linahudumia familia mia tatu, huku kwetu mita mia hizo hizo zinahudumia familia labda kumi na mbili, na barabara ni hivyo hivyo, nyaya ni hivyo hivyo, gari la taka ni hivyo hivyo. Hiyo ni kweli na mi silalamiki tukiambiwa tujenge kwa kubanana, tuache kila mtu kutafuta robo eka yake porini. Lakini hilo ni la kupanga mapema, siyo la kumwambia mtu ambaye ameshajenga, ameshapewa hati, analipa, kwamba yeye hayupo.

Ngoja nieleze kitu kimoja ninachokiona kila siku. Basi la mwisho la kuja kwetu linaondoka kituo cha katikati saa tatu na nusu usiku. Kuanzia saa tatu na robo pale kituoni watu hawaongei, wanasikiliza tu. Kuna mama mmoja anafanya usafi kwenye ofisi za ghorofani, zamu yake inaisha saa tatu na dakika ishirini, na kila siku tunamwona anatokea kona ile ya pili anakimbia, viatu ameshika mkononi, mkoba kauvusha begani. Kondakta anamjua. Siku zingine anapiga bodi ya basi mara moja na dereva anavuta muda kidogo. Siku zingine kuna askari wa barabarani wanahimiza basi liondoke na tunaondoka tukimwona kwenye kioo cha nyuma, amesimama, anavaa viatu taratibu. Siku akikosa analala palepale kituoni amekaa, na asubuhi anaingia zamu. Huyo mama ndo anayefuta vumbi kwenye meza za hilo jiji. Kwake jiji linaisha saa tatu na nusu, haliishii kwenye barabara yoyote ya mzunguko.

Na inawezekana kurekebisha, siyo ndoto. Medellín kule Kolombia mitaa ya masikini imepanda milimani juu kabisa, na miaka mingi wale watu walikuwa wakisema wanashuka "Medellín" kana kwamba wao wanakaa nchi nyingine. Mwaka 2004 wakawawekea magari ya kuning'inia kwenye waya, yameunganishwa na treni ya mjini, tiketi ni hiyo hiyo moja. Mwaka 2011 kwenye mtaa mwingine wa mlimani wakaweka ngazi za umeme pale ambapo watu walikuwa wanapanda mamia ya vidato na mizigo kichwani. Mstari wa ramani ulibaki pale pale. Walipunguza dakika.

Basi ombi langu, Mhariri, kwanza ni kwa gazeti lako lenyewe. Umeme ukikatika mjini kati mnaandika "jiji lakosa umeme" ukurasa wa mbele. Ukikatika kwetu siku nne mnaandika "baadhi ya maeneo ya pembezoni", ukurasa wa tisa, mistari sita. Tutajieni mitaa yetu kwa majina yake kama mnavyotaja ya katikati. La pili ni kwa wanaopanga usafiri, basi la mwisho liwe saa tano usiku, hata liwe moja tu, hata liwe dogo, na ratiba ibandikwe pale kituoni tuione. Msomaji mwenzetu naye namkaribisha, aje siku moja tupande wote lile la saa tatu na nusu, nitamshikia siti.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mkazi wa jiji